Mapumziko ya Saa Tano na Dakika Kumi

Mtoto mchanga hana saa mkononi, lakini mjukuu wa Bi Kidaftari aliamka saa tano kamili kila asubuhi, si mbele si nyuma. Ikifika saa tano na dakika kumi anataka titi la mama yake, la sivyo mtaa mzima utapata habari. Ndiyo maana Jumatano ile, saa tano na dakika kumi, bibi mtu alikuwa anasukuma mlango wa ofisi namba kumi na nne, ghorofa ya pili ya Idara ya Kompyuta, mtoto begani, mfuko wa nepi kiganjani.

Mkwewe hakugeuka. Alikuwa ameikodolea macho skrini, na chai mezani ilikuwa imefanya utando.

"Daktari," akasema Bi Kidaftari. Alimwita hivyo tangu siku alipovaa joho la uzamivu, nusu utani, nusu majivuno. "Daktari wangu, mgonjwa wako ameshafika."

"Nimeitwa mwizi, Mama."

Bi Kidaftari akamweka mtoto mapajani mwa mamaye, akavuta kiti. Miaka thelathini na moja alikuwa mpelelezi wa polisi, na wenzake ndio waliompa jina kwa sababu ya kidaftari chake kidogo chenye jalada jeusi. Kustaafu alistaafu, kidaftari hakikustaafu. Siku hizi kiliandikwa saa za mtoto kunyonya, nani katoka, nani karudi, na gesi imebadilishwa lini. Mwanawe alikuwa akimcheka kwa hilo. Acha acheke.

"Soma," akasema. "Polepole."

Barua ilikuwa imeingia saa tatu na robo, kutoka kwa Mwenyekiti wa Warsha. Ilisema pendekezo la Daktari limelingana karibu neno kwa neno na pendekezo lililosajiliwa siku tatu kabla ya lake. Nakala zote mbili zimeambatanishwa. Mhusika afike kwenye kikao Ijumaa, saa nne asubuhi, ajieleze.

Kwa msiojua mambo ya wasomi hawa: kila mwaka wanakompyuta wana mkutano wao mkubwa, na siku moja ya mkutano hugawiwa warsha. Mtu yeyote mwenye wazo anaandika pendekezo. Anaeleza warsha inahusu nini, waandalizi ni nani, watu wangapi watakuja na ratiba ya siku nzima saa kwa saa. Mwenyekiti anachagua chache, nyingine zinatupwa. Daktari alikuwa amependekeza warsha ya kutengeneza programu za zahanati ndogo zisizo na mtandao, ili muuguzi aandike habari za mgonjwa hata mtandao ukiwa umekatika wiki nzima. Alilitafuna wazo hilo tangu mimba ilipokuwa ya miezi minne.

Na haikuwa sifa tu. Mkataba wake wa kufundisha ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Mkuu wa Idara alimwambia waziwazi: lete warsha, mkataba unaongezwa. Sasa warsha hakuna, na juu yake jina la wizi. Mhadhiri aliyeitwa mwizi wa maandishi haajiriwi hata kufuta ubao.

"Aliyesajili kabla yako ni nani?"

"Profesa Miwani."

Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana alivaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja utosini, na hakuna aliyewahi kumwona akiibadilisha. Huyu ndiye aliyekuwa akimsimamia mume wa Daktari, yaani mtoto wa Bi Kidaftari mwenyewe, katika shahada ya uzamivu iliyokuwa imeingia mwaka wa saba.

Kabla bibi hajauliza la pili, mlango ukafunguliwa na huyo huyo mume akaingia anahema. Akamkumbatia mkewe pamoja na mtoto.

"Nimepata ujumbe wako. Yule mzee! Sikutegemea kabisa." Akamgeukia mama yake. "Mama, ni Fundi wa kompyuta kule chini. Nilimwambia asimwachie laptopu siku mbili, hakunisikia. Na kama si Fundi, ni Kicheko hapa, anayekaa meza ya pili. Watu wanakuchekea huku wanakuchimba."

"Taratibu," akasema mama yake. "Utanijazia kidaftari kabla sijapata kalamu."

Alipobaki na mkwewe aliyaweka mapendekezo mawili ubavu kwa ubavu. Yalikuwa pacha. Profesa alibadilisha kichwa cha habari na aya ya kwanza, mengine akayameza mazima. Penye waandalizi kulikuwa na jina lake, na chini yake maneno haya: *Mwandalizi wa pili, jina litatajwa baadaye.* Kidole cha Bi Kidaftari kikateremka kwenye ratiba hadi kikagota.

*Saa 5:10 hadi 5:50. Mapumziko.*

Akarudi kwenye pendekezo la mkwewe. Saa 5:10 hadi 5:50. Mapumziko.

"Huyu mzee ana mtoto anayenyonya?"

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko chenye machozi. Mapumziko hayo aliyaweka ili bibi amlete mtoto ukumbini. Sababu hakuiandika, aliona haya.

"Basi mwizi tunamjua," akasema Bi Kidaftari. "Tusiyemjua ni aliyempa ufunguo. Nani aliliona pendekezo lako kabla hujalituma?"

"Kicheko nilimchapishia nakala Jumatatu ya wiki iliyopita anisomee. Fundi alikaa na laptopu yangu tangu Jumatatu mchana, akanirudishia Jumanne saa kumi jioni. Mwenyekiti alilipata nilipotuma, Alhamisi saa nne. Basi."

"Basi?"

"Basi, Mama."

Bi Kidaftari akayaandika majina matatu.

Kicheko alipatikana saa sita na nusu kwenye chumba cha printa, akichomoa karatasi iliyokwama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, ila siku hiyo hakucheka.

"Mama, najua ulichofuata," akasema. "Nafasi ya mkataba ni moja, tunaoigombea ni wawili, mimi na mkweo. Hata mimi ningejishuku."

"Nakala aliyokupa iko wapi?"

"Ipo. Sijamrudishia, naona aibu. Nilimwagia chai."

Akaitoa kwenye droo. Kweli ilikuwa na doa la chai, na pembeni imejaa maandishi ya kalamu nyekundu: *hapa vizuri*, *hapa fupisha*, *hapa umenifunga mdomo*. Mtu anayetaka kuiba hasahihishi hivyo, akawaza Bi Kidaftari, lakini kuwaza si ushahidi. Akaufungua ukurasa wa ratiba.

*Saa 4:50 hadi 5:30. Mapumziko.*

Akavaa miwani yake, akaisoma upya. Saa nne na dakika hamsini.

"Hii naichukua."

"Chukua, Mama. Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Nunua kitambaa cha kufutia chai."

Fundi alikuwa chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha, amezungukwa na kompyuta zilizopasuliwa kifua. Aliposikia neno polisi mstaafu alidondosha bisibisi.

"Mimi huwa sifungui mafaili ya watu," akasema kabla hajaulizwa.

"Sasa unajuaje nimekuja kwa ajili ya mafaili?"

"Aah, Mama, idara nzima inasema ni mimi. Hata mume wake kapita hapa saa tano na nusu kunitukana."

"Alisema nini?"

"Kwamba nimeiuza kazi ya mkewe. Laptopu ilikuwa haiwaki! Ilinibidi ninakili kila kitu kwenye diski nyingine kwanza, ndivyo tunavyofanya, kisha nibadilishe kifaa cha ndani. Diski ile hapa. Nilikuwa niifute Ijumaa."

"Usiifute. Nionyeshe."

Akaionyesha. Pendekezo lilikuwemo, limehifadhiwa Jumatatu asubuhi. Saa 4:50 hadi 5:30. Mapumziko. Bi Kidaftari akaandika, akamrudishia Fundi bisibisi yake, akapanda ngazi taratibu kuliko alivyoshuka. Kuna wazo lilikuwa limeanza kumjia, naye akalisukuma kando kwa kuwa bado Mwenyekiti hajahojiwa.

Mwenyekiti wa Warsha alimpa robo saa, Alhamisi saa tatu asubuhi. Alikuwa mwanamke mkavu, na mezani kwake kalamu tatu zimelala sambamba.

"Mama, mimi nimeangalia tarehe tu," akasema. "La Profesa limesajiliwa Jumatatu, saa tisa alasiri. La mkweo, Alhamisi saa nne. Aliyetangulia katangulia."

"Kusajili ni kufanya nini hasa?"

"Kuingiza kichwa cha habari na jina."

"Na pendekezo lenyewe?"

"Unaweza kulipakia baadaye, mpaka siku ya mwisho. Wengi wanafanya hivyo. Wanashika nafasi, kama mtu anavyoweka begi kwenye kiti. Profesa husajili kila mwaka siku ya kwanza, hata kama hana—" Mkono ukaenda kwenye kompyuta wenyewe.

"Tafuta, mwenzangu," akasema Bi Kidaftari. "Mimi sina haraka."

Ilimchukua dakika nne. Ukurasa wa mbele ulionyesha siku ya kusajili peke yake. Ilibidi aingie ndani, kwenye kumbukumbu za mfumo, mahali ambapo hajawahi kupatazama kwa miaka mitatu ya uenyekiti. Jumatatu kulikuwa na kichwa kitupu: *Warsha ya Mambo Mapya*. Faili lilipakiwa Jumatano, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na kichwa kikabadilishwa papo hapo.

Uso wa Mwenyekiti ulibadilika rangi. "Hili lilinipita. Nakiri. Lakini Mama, Jumatano bado ni kabla ya Alhamisi. Profesa atasema aliandika mwenyewe, akapakia. Hili halimsafishi mkweo."

"Chai ya siku ya warsha ni saa ngapi?"

"Saa nne hadi saa nne na nusu, warsha zote. Chakula saa saba. Kwa nini?"

"Naandika tu."

Kwenye ukumbi wa nje kulikuwa na benchi la mbao, na Bi Kidaftari akaketi hapo. Mwenyekiti alilipata pendekezo Alhamisi, wakati la wizi lilikuwa limeshapakiwa tangu jana yake. Ametoka kwenye orodha. Kicheko na Fundi walikuwa na saa nne na dakika hamsini. Wametoka nao. Saa tano na dakika kumi ilizaliwa lini? Hakuhitaji kuuliza. Alifungua kidaftari chake mwenyewe, kurasa za wiki iliyopita, katikati ya saa za kunyonya.

*Jumanne, saa 1:30 jioni. Nimemwambia Daktari mtoto haamki kabla ya saa tano, asogeze mapumziko. Kasogeza hapo hapo mezani. Kaenda kuoga. Mwanangu kashika mtoto.*

*Jumatano, saa 12:20 asubuhi. Mwanangu katoka bila chai. Anasema Profesa anamngoja.*

Alikuwa ameyaandika kwa mkono wake. Mwizi anatafutwa ghorofa zote tatu, kumbe anakula naye sahani moja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, naye msemo huo aliwasomea wenzake kituoni mara ngapi, huku anacheka, kwa nguo za watu wengine.

Alikaa pale mpaka mfagiaji akamwomba anyanyue miguu.

Jioni hiyo, saa kumi na moja, alimkuta mwanawe uani anaanika nepi. Mkewe alikuwa ndani anamlaza mtoto. Bi Kidaftari akachukua vibanio, akawa anampa kimoja kimoja, kama walivyofanya alipokuwa na miaka sita.

"Saa tano na dakika kumi," akasema.

"Nini, Mama?"

"Profesa wako ameandika mapumziko saa tano na dakika kumi. Saa hiyo ilitajwa mahali pamoja tu duniani, kwenye meza yangu ya kulia, Jumanne. Tulikuwa wanne, na mmoja hajaota meno."

Nepi ikabaki mkononi mwake inachuruzika maji. Macho yalimjaa.

"Sitakuuliza kwa nini," akasema mama yake. "Siyo leo. Kesho saa nne kuna kikao. Wewe nenda ukaseme kwa mdomo wako. Anayejisema mwenyewe bado ana mlango wa kurudia. Nikisema mimi, huo mlango nitakuwa nimeufunga kwa mkono wangu, na sitaki, baba. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, Mama. Nitakwenda."

"Utasema?"

"Nitasema."

Akamwamini. Aliwahi kuwaapisha majambazi akautambua uongo wao kwa kuangalia vidole vyao, lakini huyu hakumtazama vidole. Alimshika shavu, akaingia ndani, na kwa mkwewe hakutamka neno, ili mwenye neno aliseme.

Ijumaa, saa tano na dakika kumi, Bi Kidaftari aligonga mlango wa chumba cha mikutano. Alitegemea kukuta watu wamesimama, wanapeana mikono, labda wanalia. Alikuta wamekaa. Mkuu wa Idara alikuwa kichwani mwa meza, na Mwenyekiti wa Warsha kulia kwake. Daktari alikuwa peke yake upande wa dirishani, macho yamemwiva. Upande wa pili alikaa Profesa Miwani, na ubavuni kwake, kwenye kiti cha shahidi, kijana wa Bi Kidaftari.

"Mama, tuko kwenye kikao," akasema Mkuu.

"Namleta mtoto kwa mama yake. Ni saa yake."

Mtoto akathibitisha kwa yowe. Daktari akanyanyuka, akampokea, akajifunika shali, na alipokuwa anainama akamnong'oneza mama mkwe wake kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye kona:

"Amewaambia alimwona Profesa akiiandika tangu mwaka jana. Amesema mimi ndiye niliyenakili. Mama, mume wangu amesema."

Bi Kidaftari alimwangalia mwanawe. Mwanawe aliangalia meza.

Hapo ndipo kitu kilipokatika. Mimi ninayesimulia sijui nikiiteje, maana si hasira tu. Mwanamke huyu alitukanwa na wahalifu, akarushiwa chupa, akapitwa vyeo na vijana aliowafundisha kazi, na hakuna lililomwingia kama lile. Jana alimwachia mtoto wake mlango wazi, naye akapita dirishani kwenda kuiba mara ya pili.

"Mkuu," akasema, "naomba swali moja tu kwa Profesa. Nikishauliza natoka."

"Kikao hiki si—"

"Mwache aulize," akasema Mwenyekiti. Kalamu zake tatu hazikuwa sambamba leo. "Kosa langu la tarehe ni yeye aliyenionyesha. Mwache."

Mkuu akapunga mkono.

"Profesa," akasema Bi Kidaftari, "kwenye ratiba yako, chai ni saa nne mpaka nne na nusu. Saa tano na dakika kumi unawapa watu mapumziko tena, dakika arobaini nzima. Ya nini?"

Profesa akashusha miwani ya utosini, akakuta ya machoni ipo, akairudisha. "Ya kunyoosha miguu, Mama. Ni utaratibu wa kawaida."

"Wamekunywa chai nusu saa, wamekaa dakika arobaini, wamechoka miguu?"

"Washiriki wanahitaji... kuzungumza. Kubadilishana mawazo."

"Kwa nini si saa tano kamili? Hizo dakika kumi za nini?"

Kilisikika kitu kimoja tu, nacho kilitoka chini ya shali upande wa dirishani: mtoto ananyonya, anameza, anahema. Mwenyekiti alitazama shali, akatazama saa ya ukutani, akatazama ratiba iliyokuwa mbele yake. Akaisukuma mbele ya Mkuu na kuweka kidole.

"Saa tano anaamka," akasema Bi Kidaftari. "Dakika tano za nepi, dakika tano za kutoka getini kwetu mpaka hapa. Nimezitembea mwenyewe kila siku wiki mbili. Profesa, umeiba ratiba ya kunyonyesha."

Akatoa nakala ya Kicheko yenye doa la chai. Akaeleza juu ya diski ya Fundi, nayo iko chini, haijafutwa. Zote mbili saa nne na dakika hamsini. Saa tano na dakika kumi iliwekwa Jumanne jioni, nyumbani, na ilipofika Jumatano saa mbili na dakika arobaini, Profesa alikuwa ameshaipakia. Alisema yote kwa sauti ya kusomea taarifa kituoni.

"Waliokuwa nyumbani ni wanne. Mimi sikutoka. Mkwe wangu hajiibii. Mtoto hajui kusoma. Aliyebaki amekaa kwenye kiti cha shahidi."

"Hii ni familia inagombana!" akadakia Profesa, akisogeza kiti chake mbali na jirani yake. "Kijana huyu aliniletea maandishi akasema ni yake. Mimi nimedanganywa kama nyinyi. Mwanafunzi mwenyewe dhaifu, miaka saba hajamaliza, ningejuaje—"

"Uliniambia nilete!" Kijana alisimama hata kiti kikaanguka. "Uliniambia, 'Mkeo ana wazo zuri, lilete, nitakuweka mwandalizi wa pili, na mwaka huu unamaliza.' Jina litatajwa baadaye ni jina langu! Na jana usiku ukanipigia simu ukasema nikikugeuka tasnifu yangu haitasomwa mpaka nizeeke!"

Mkuu wa Idara aliweka kalamu chini. Profesa Miwani akavua miwani yote miwili, na bila hiyo alionekana mzee wa kawaida tu, mwenye macho madogo.

"Kwa nini, baba?" Sasa mama yake aliuliza.

"Kwa nini?" Alimgeukia kama mtoto anayetaka kupiga na kukumbatiwa kwa wakati mmoja. "Kila asubuhi: Daktari, chai. Daktari, umelala? Daktari wangu. Nilianza kabla yake, Mama! Akanipita na mimba tumboni. Mimi ndani ya nyumba ile miaka saba hujaniita kitu. Nilitaka mwaka mmoja tu. Yeye ana akili, angeandika nyingine!"

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli huo ulimchoma Bi Kidaftari. Aliyejibu ni mkewe. Alikuwa amemweka mtoto begani, anampigapiga mgongo acheue.

"Jumanne nilikuomba unishikie mtoto nikaoge," akasema taratibu. "Nilikaa bafuni dakika kumi. Nikafurahi, nikasema mume wangu leo kanipumzisha. Ulimshika kwa mkono gani?"

Aliinama kuinua kiti kilichoanguka.

"Nauliza. Maana mkono mmoja ulikuwa unanakili."

"Wa kushoto," akasema mumewe, akafunika uso.

Kikao kiliisha saa sita kasoro robo. Pendekezo la Daktari lilirudishiwa jina lake, na Mwenyekiti akaomba radhi mbele ya wote, akaandika palepale kwamba mwakani mfumo utaonyesha saa ya kupakia, si ya kusajili. Mkuu alisema mkataba utakuwa mezani Jumatatu. Profesa na mwanafunzi wake waliitwa mbele ya kamati kuu ya nidhamu, na kila mmoja aliondoka kwa ngazi yake.

Kijana alimsubiri mama yake getini.

"Ungenyamaza, Mama. Mimi ni mwanao."

"Ndiyo, ni mwanangu," akasema. "Ndiyo maana nilikwambia jana. Nenda kwa kaka yako kwanza. Nguo zako nitazileta mwenyewe, nitazikunja vizuri."

Aliondoka bila kugeuka, naye akamsindikiza kwa macho hadi alipokata kona. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na wengi wanadhani ni uchungu wa siku ya kuzaa.

Daktari alimkuta amekaa kwenye ukingo wa bustani ya maua, kidaftari wazi gotini. Kila kesi aliyowahi kufunga iliishia namna moja: ukurasa mpya, jina la mkosaji, mstari mmoja chini yake. Kalamu ilikuwa imeshikwa, haiandiki. Mkwewe akaketi ubavuni na kumpakata mtoto katikati yao. Baada ya muda Bi Kidaftari aliandika neno moja, akapiga mstari chini yake, akafunga kidaftari haraka kama anayekificha. Lakini Daktari alikuwa ameshaliona.

*Mwanangu.*

"Twende, Mama," akasema. "Atalala njiani."